Michi Miwili, Kinu Kimoja

Kwetu huku milimani Mbinga, mahindi hutwangwa na watu wawili kwenye kinu kimoja, wakiimba. Mmoja akishusha mchi, mwenzake anapandisha. Watoto hujifunza kwa kutazama tu. Mjukuu wangu hakujifunza. Kila siku michi yetu iligongana, nami namfokea.

"Sikiliza wimbo, wewe!"

"Nasikiliza, Bibi."

Na kweli alisikiliza. Ukimwita toka ng'ambo ya bonde, anaitika. Hadithi ya jioni, asubuhi anaisimulia yote na kuongeza uongo wake.

Miaka hiyo watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kununua kahawa. Mwanangu, baba wa huyo mtoto, akanunua, akapata, akafungua duka Kitai. Akasema binti yake akishindwa kusoma mwaka huu tena, anamchukua akauze dukani. Mimi kuandika najua jina langu tu. Sikutaka naye aishie hapo.

Nikaenda shuleni. Mwalimu akamsimamisha mbele yangu.

"Sema kalamu."

Akasema.

"Toa silabi ya ka. Kinabaki nini?"

Mtoto akatazama dari.

"Kinabaki wino!" wenzake wakacheka.

"Bibi, huyu ni mvivu," mwalimu akaniambia.

"Mvivu hatoki jasho akifikiri," nikamjibu. Jasho nililiona mwenyewe, puani.

Njiani niliwaza ule mchi. Sisi tukisikia wimbo, tunajua mchi ushuke wapi. Yeye wimbo unampita mzima, hauna pa kukatia. Nikahisi na maneno yanamfikia hivyo hivyo: yamefungwa kama furushi, na fundo halioni. Masikio mazima, akili nzima. Sasa ni nini? Jina la kitu hicho sikulijua, wala hakuna aliyenitajia.

Nikarudi kumwomba mwalimu amfundishe polepole, peke yake. Akanionyesha darasa, watoto wamekaa mpaka sakafuni.

"Nimfundishe saa ngapi, Bibi?"

Nikashika njia ya nyumbani.

Shule zilipofungwa, mwanangu akaja na lori la kahawa.

"Mama, mtoto yuko tayari?"

"Haendi popote. Atarudia darasa, hata mara ngapi."

Ndipo mtoto akatoka ndani, nguo zake kashazifunga kwenye kanga yangu.

"Bibi, niache niende. Kitai hakuna ubao."

Nikamwachia. Jioni ile nilitwanga peke yangu. Mchi haukugongana na kitu.