Alifanya Kusudi

Mwanvua hushona nguo nyumbani kwake Mikelenge, mjini Kindu, mashariki mwa Kongo, na wateja wake wamezoea kumpa vitambaa kupitia dirishani. Mgeni hafunguliwi mlango, na hata anayejulikana hungoja kidogo. Mumewe, Florentin, anachimba dhahabu upande wa Kampene, hurudi mara mbili kwa mwaka. Ndani wamebaki yeye na binti yao Aïcha, mwenye miaka mitano.

Mwaka jana, katikati ya masika, aliitwa kwenye maternelle, shule ya watoto wadogo. Aïcha alikuwa amempiga Jeanine, mwenzake wa darasa, kwa jiwe juu ya jicho. Jeanine alikuwa anakimbia, akateleza kwenye matope, akammwagia Aïcha uji kwenye sare. Basi, hakukuwa na zaidi.

"Alifanya kusudi," Aïcha alisema. Hakulia.

"Aliteleza, mama. Sisi wote tulimuona," akasema mwalimu wao, Madame Nathalie.

"Aliniangalia kwanza. Njo akateleza."

Madame Nathalie akamtoa mtoto nje, kisha akaweka mezani picha aliyoichora mwenyewe. Mpira umempiga mtoto mgongoni, na nyuma yake mtoto mwingine ameinua mikono.

"Niliwaonyesha darasa lote. Wengi walisema mpira umemponyoka. Aïcha akasema huyu anafurahi kwa sababu amemuumiza mwenzake. Mama Aïcha, wewe unaona nini?"

Mwanvua akaitazama ile mikono iliyoinuliwa. "Anafurahi," akasema. Kisha akauona uso wa mwalimu, akaisogeza picha mbali.

"Akitoka shule unamuuliza nini?"

"Namuuliza nani amemuonea."

"Kila siku?"

"Kila siku, Madame."

"Basi mtoto anashinda hapa akikutafutia jina."

Mwanvua alitaka kukasirika, akashindwa. Alijua mambo yalikoanzia, na hilo hakuwahi kumsimulia mtu, hata Florentin.

Mwaka 2002 alikuwa na miaka saba. Askari walishika mji, wapiganaji wa Mai-Mai walishika msitu pande zote, na treni haikuja tena. Aliyekwenda shambani aliweza kuuawa. Aliyebaki alilala na njaa. Baba yake, Tambwe, alivuka Lualaba kwa mtumbwi kwenda kuchimba muhogo ng'ambo, Alunguli, na wakati wa kurudi alitua mahali penye matete ambapo hakuna aliyepita.

Siku moja askari alikaa karibu na ua wao. Alikuwa na sauti nzuri. Alimwita "mutoto muzuri", akasifu nywele zake, akampa biskuti.

"Baba yako iko wapi?"

"Alivuka. Anafuata muhogo."

"Atarudia wapi?"

Mwanvua akanyoosha kidole kuelekea kwenye matete. Mwanvua bado alikuwa na biskuti mdomoni yule mtu alipoinuka, akatabasamu tena, akaondoka.

Askari walimngoja Tambwe pale pale. Walisema anapeleka chakula kwa Mai-Mai, na hakuonekana tena. Mama yake Mwanvua hakumlaumu, maana hakujua. Alifunga mlango tu, na kwa miezi mingi watoto hawakutoka. Ndani ya chumba kile Mwanvua alirudia uso wa yule askari mara elfu, akitafuta ile alama ambayo angepaswa kuiona mapema. Vita viliisha, watu wakarudi mashambani, treni ikasikika tena. Yeye akaendelea kutafuta alama hiyo kwenye kila uso.

Siku mbili baada ya kuitwa shuleni, alimchukua Aïcha wakaenda kuomba msamaha. Mama yake Jeanine, Kavuo, alitoka Butembo na ana duka la sabuni na chumvi karibu na soko. Aliwapokea akicheka, akavuta viti.

Anacheka nini, wakati mwanangu amempasua wake? Ndilo wazo la kwanza lililomjia Mwanvua. Kavuo akaleta vikombe vitatu vya chai na kuviweka mbele yao.

"Mama Aïcha, kunywa. Watoto wanapigana, njo vile."

Mwanvua akashika kikombe asikiinue. Akageuka, akakuta Aïcha naye ameshika chake, hanywi, anayatazama macho ya mama yake. Mtoto alikuwa anangoja kuambiwa kama hapa ni hatari. Bila kusema neno lolote, mama alikuwa amekwisha kumwambia.

Akanywa. Chai ilikuwa ya moto, ikamuunguza ulimi, akanywa tena. Aïcha akanywa pia, polepole.

"Pole kwa jicho la Jeanine," Mwanvua akasema.

Mambo hayakunyooka mara moja. Wiki iliyofuata Aïcha alimuuma mwenzake kwa sababu ya kalamu ya rangi, na Madame Nathalie bado anawaonyesha picha zake. Lakini Kavuo alianza kupita asubuhi na Jeanine ili wasichana waende shule pamoja. Siku ya kwanza Mwanvua alisema Aïcha ana homa. Siku ya pili alimruhusu.

Aliwaacha wote watatu watangulie, akaacha cherehani, akawafuata kwa mbali, upande wa pili wa barabara, mpaka alipowaona wameingia getini. Hadi leo anawafuata. Kavuo alishamuona, na hajamuuliza kitu.