Panga la Kukatia Mwanzi wa Bembea

Mama mkwe wangu, Harkamaya, hanunui kitu kimyakimya. Viazi vya sokoni huvigombeza kabla ya kuvitia kikapuni. Sembuse panga!

La zamani lilipasukia kwenye mzizi, na sikukuu ya Dasain ilikuwa mlangoni. Kila Dasain kijiji chetu husimamisha bembea ya mianzi mirefu, na kila mtu, hata bibi asiye na jino, lazima aiache ardhi walau mara moja. Mwanzi wa kwanza hukatwa na nyumba yetu. Tangu baba mkwe afariki, Mama alikuwa akiukata mwenyewe. Lakini mwaka huu bega lake lilimgomea, hata nywele nilimsuka mimi. Mume wangu yuko ughaibuni kwa kazi. Na Tilak, mtoto wa mdogo wa baba mkwe, alishaanza kutangaza kwamba nyumba isiyo na mkono iwaachie wenye mikono.

Kwa mhunzi Singhabir, Mama alinipa kila panga nilishike.

"Si ushike mwenyewe, Mama?"

"Nimekuleta uwe kigingi? Inua! Shusha!"

"Shangazi, chukua hili jembamba," alisema Singhabir. "Vijana wanaligombania. Ona linavyong'aa!"

"La kutundika ukutani hilo. Likikutana na fundo la mwanzi litaita mama yake."

Mwishoni Mama akaniwekea mkononi panga moja baya, fupi, mgongo mnene, tumbo pana karibu na ncha. Akanielekeza kwenye gogo la mhunzi. Nikachanja. Akasema, "Tena!" Nikachanja tena.

"Jamani, mkweo atanimalizia kuni!"

"Anakuchanjia bure, unalalamika nini?" Kisha akanigeukia. "Uzito uko mbele. Wewe inua tu, kushuka litashuka lenyewe. Tunalichukua."

Njiani nilikuwa nimelowa jasho na hasira. "Fupi mno kwako, Mama. Wewe mrefu."

"Tazama njia, utajikwaa."

Nikatazama njia, ila moyo haukutulia. Bega lile lisingeweza kuinua hata mwiko, na mimi ndiye ningesimama pale nikimwona anaaibika mbele ya Tilak.

Siku yenyewe, kijiji kizima kilijaa kwenye mianzi.

"Mama mkubwa, pumzika," alisema Tilak. "Chai iko kule."

"Kainywe wewe, koo lako limekauka kwa maneno."

Mama akaufungua mshipi wenye panga, akaufunga kiunoni mwangu.

"Mama, mimi nimeolewa tu hapa. Mgeni."

"Mgeni gani anapika miaka yote hii hadi amesahau njia ya kwao? Panga nililipima kwa mkono wako. Langu ningechukua refu."

Pigo la kwanza liliteleza, Tilak akakohoa. La pili niliinua tu, nikaliachia lishuke lenyewe. Likazama. Nikaendelea hadi mwanzi ukalia, ukainama, ukaanguka, na wanawake wakapiga vigelegele.

Bembea iliposimama walimwita Mama aanze, kama kila mwaka. Akakataa, akasema aanze mwenye mwanzi. Nilipanda huku nalia na kucheka kwa pamoja, na kule juu bado nilimsikia akimgombeza Tilak anisukume kwa nguvu.