Kiberiti Kwenye Kibuyu cha Chumvi

Chumbani kwangu hapa Tabora mjini nina kopo la maziwa ya unga ambalo halina maziwa. Ndani yake kuna viberiti nilivyovifunga kwenye nailoni, na mdomo wa kopo nimeuziba kwa nta ya nyuki. Kopo jingine dogo liko kwenye mkoba ninaokwenda nao kazini. Mawingu yakianza kukusanyika upande wa reli, nalifungua lile kubwa, natoa njiti moja, naiwasha, naiangalia mpaka inakaribia kuniunguza, kisha naziba tena. Najua kwamba kila ninapofungua naingiza unyevu. Nalijua hilo vizuri na bado nafungua, kwa sababu nisipofungua nitajuaje kama njiti bado ni kavu?

Mama mwenye nyumba alinikuta siku moja nikiyeyusha nta kwenye kifuniko.

"Mwanangu, viberiti vyote hivi! Unataka kuuchoma mji au unafungua duka?"

"Shikamoo, mama. Ni vya akiba tu."

"Marahaba. Akiba! Msichana msomi huweka akiba ya kanga."

Alicheka, nami nikacheka. Sikumweleza. Ningeanzia wapi?

Labda ningeanzia kwenye paa. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na nilikuwa nyumbani, upande wa Bukene, nikisubiri kupangiwa kazi, zamu yetu ya kuhamishiwa kijiji kipya na serikali ilipofika. Wengi walihama kiangazi, wakapelekwa vijiji vingine. Lori letu liliharibika, likatengenezwa, likaharibika tena, hata mvua za kwanza zikatukuta bado tupo. Tulikuwa mama, kaka yangu, mke wake ambaye ni wifi yangu, na mimi. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Halafu, siku chache kabla ya lori kuja, wifi akajifungua mtoto wa kiume. Alikuwa mdogo mno, na alilia kama mtu anayeomba radhi.

Kwetu, chumba cha mzazi hakikosi moto mpaka kitovu cha mtoto kidondoke. Hakuna aliyenifundisha hilo, nililikuta tu, kama nilivyolikuta jina langu. Na moto kwetu haukuwa jambo la kuhangaikia. Juu ya meko, kwenye uchaga ulioshika masizi, baba aliacha vijiti vyake vya kupekechea moto: ubao mwembamba wenye matundu meusi, na kijiti kirefu cha kuzungushia, vyote vimeviringishwa kwenye ngozi ya mbuzi. Baba alikuwa mrina asali. Alikwenda porini na vijiti hivyo hata mwezi mzima wa mvua, na akirudi alivirudisha pale pale, kwenye moshi. Moshi ndio uliovihifadhi. Nyumba yenyewe ndiyo iliyokuwa kopo letu.

Tuliambiwa tubebe miti ya paa, maana huko tuendako tungejenga wenyewe. Kwa hiyo tukaezua jioni, ili lori likija asubuhi tusimcheleweshe mtu. Chumba cha mzazi tu ndicho tulichokiacha na paa lake. Mvua ikanyesha, jikoni hakukuwa tena na kitu juu ya uchaga isipokuwa mbingu, na hakuna aliyekumbuka ngozi ya mbuzi. Ilikuwa pale siku zote. Nadhani kitu cha namna hiyo mtu huacha kukiona.

Asubuhi mama alitia makaa kwenye chungu, akafunika kwa majivu, akataka kupanda nacho. Utingo akamzuia.

"Mama, kuna dumu la dizeli humu ndani. Hili lori halijawahi kupika ugali, usilianzishie leo."

"Nina mzazi, mwanangu. Moto huu ni wa mtoto."

"Na mimi nina watoto, mama. Nataka wanione tena."

Hakuwa mtu mbaya. Hata leo najaribu kumwona mbaya na ninashindwa. Mama akamwaga makaa kwenye tope, yakalia, tukaondoka.

Barabara ilifuata kwanza njia ya zamani ya misafara, ile waliyoipita wapagazi, kisha ikaingia msituni. Kijiji kipya kilikuwa uwazi uliofyekwa, wenye vigingi vya viwanja. Tulikuwa karibu wa mwanzo kufika. Tuliposhusha mzigo utingo akachukua turubai lake, lori likaondoka, na mvua iliyokuwa ikitusindikiza tangu asubuhi ikatukamata sawasawa.

Tuliegemeza miti ya paa kwenye mti mmoja mkubwa, tukatandaza juu yake ngozi ya ng'ombe na majani mabichi. Wifi akaingia na mtoto. Kanga zote zilikuwa zimelowa. Kaka akafungua ngozi ya mbuzi, na niliuona uso wake kabla sijaviona vijiti. Ubao ulikuwa umevimba. Alipekecha hata hivyo. Alipekecha mpaka viganja vikachubuka, na kilichotoka kwenye tundu kilikuwa unga laini, mweusi, wenye maji.

"Acha," mama alisema. "Nina kiberiti."

Akatoa kibuyu cha chumvi, nami nikashangaa.

Mwaka ule chumvi na kiberiti vilikuwa havionekani dukani. Mama alipata pakiti ya viberiti kwa shida, akaviweka mahali ambapo hakuna mtu wa nyumba yetu angeruhusu maji yafike. Kibuyu cha chumvi alikibeba kifuani, akakivika kitambaa chake cha kanisani. Angelowa yeye, tungelowa sote, kibuyu hakingelowa. Na hakikulowa. Ila chumvi, ikikaa kwenye hewa ya mvua, hutoa maji yenyewe. Mama alipika kwa chumvi maisha yake yote na alilijua hilo. Nimelifikiria sana. Alilijua kama mpishi, lakini siku ile alikuwa akificha mali, na ukificha mali unawaza mwizi, huwazi unyevu.

Alipokwangua njiti ya kwanza kichwa kilibaki kwenye kidole chake kama uji. Ya pili vilevile. Alifungua viberiti vyote, kimoja kimoja. Mtoto alikuwa ameacha kulia, na hilo ndilo lililotutisha.

Ng'ambo ya vigingi kadhaa palikuwa na moshi. Familia moja ilifika asubuhi kwa mkokoteni wao wa ng'ombe, na hakuna utingo aliyewazuia kubeba makaa. Kaka alikimbia. Akarudi mikono mitupu.

"Wanao moto," alisema. "Ni wa matanga."

Mzee wa familia ile alikuwa amemzika mkewe juzi yake. Walihamishwa matanga yakiwa hayajaanuliwa, kwa hiyo akaubeba moto wa msiba kama ulivyo, asije akauzima kabla ya siku yake. Kaka hakuthubutu kuuomba. Wala mzee hakuthubutu kumpa bila kumwambia ni moto gani.

"Hauingii hapa," mama alisema.

"Moto ni moto, mama," nilisema mimi.

"Wewe umesoma. Mimi nimezika."

Alikuwa amezika watoto wawili kabla yangu. Mama alisali kila Jumapili na hakuwahi kukanyaga kwa mganga, lakini moto wa maiti kumwotesha mtoto ambaye kitovu hakijadondoka ilikuwa, kwake, sawa na kumtaja jina kwa aliyekuja kumchukua. Sikumcheka. Hata sasa simcheki. Kijiji kingine cha karibu kilikuwa ng'ambo ya mto, na mto ulikuwa umejaa. Kaka akarudi kwenye vijiti.

"Mama," wifi aliita kutoka chini ya ngozi. "Miguu yake ni baridi."

"Mweke kifuani, mkwe wangu. Mumeo anapekecha."

"Kifuani mwangu mwenyewe ni baridi."

Kaka alipekecha. Mama alisali. Mimi nilizipuliza njiti, nikazipangusa, nikazitia kwapani ili zikauke kwa joto la mwili. Giza lilipoanza kuingia, wifi alitoka, akanipa mtoto, akaokota kigae cha chungu kilichovunjika njiani, akaenda mvuani. Hakumwangalia mama. Alitembea polepole, ameshika tumbo, maana alikuwa bado mbichi. Aliporudi alikuwa ameinamia kigae, mgongo wake umekifunika kama paa.

Mama aligeuza uso. Lakini aligeuza na mwili pia, akakaa upande ule upepo ulikotokea, na moto ukashika.

Mtoto alipata joto. Alinyonya kidogo. Nakumbuka vidole vyake vikifunguka, na nakumbuka nikiwaza, basi, imekwisha. Alfajiri alikuwa amekufa mikononi mwa mama yake, na moto ulikuwa bado unawaka vizuri.

Yule mzee alikuja asubuhi na mzigo wa kuni. Alisimama mbali.

"Poleni. Nimeleta kuni. Kama hamtaki kuni zangu nitarudi nazo."

"Karibu, baba," mama alimjibu. "Kaa hapa. Wewe na sisi tuna matanga mamoja sasa."

Akakaa. Hatukuwasha moto mwingine wa msiba, kwa sababu ulikuwepo tayari.

Mama anaamini, ingawa hasemi, kwamba moto ule ndio uliomchukua mtoto. Wifi anaamini ni saa zile tulizosubiri. Kaka anaamini ni mikono yake. Mimi huzichukua imani zote tatu, huziweka mezani usiku mmoja mmoja, na kila moja inashinda kwa zamu. Pengine mtoto mdogo kiasi kile asingeishi hata kwenye nyumba kavu. Nikifika hapo huwa najisikia nafuu, kisha naionea shaka hiyo nafuu.

Wifi ana mimba tena, na atajifungua mvua hizi. Mwezi uliopita nilipanda treni kwenda kuwaona, nikampelekea kopo, limezibwa kwa nta. Nyumba yao ina paa zuri. Vijiti vya baba viko juu ya meko, vimeanza kushika masizi upya. Kibuyu cha chumvi kina chumvi tu.

Wifi alilitikisa kopo sikioni, akasikiliza njiti zikigonga bati.

"Kavu," alisema. "Na hizi nazo zikigoma, wifi?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nilitaka kumwambia nitaleta jingine, nitaleta mshumaa, nitakuja mwenyewe. Mama alikuwa ameinama mekoni, akipuliza.

"Atachukua moto popote," alisema bila kugeuka. "Umesikia, mkwe wangu? Popote utakapouona."

Wifi alilifunga kopo kwenye pindo la kanga, fundo juu ya fundo, akaenda kuteka maji nalo.