Sinia la Bibi Lusi

Mimi ni mtu wa ndani. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani Ifakara, na mpaka leo hata Mang'ula, hapo jirani tu, naiona mbali. Mtu akiniuliza vita nilivijulia wapi, namjibu: shambani, nilikopelekwa kwa nguvu.

Aliyenipeleka ni bibi yangu, Bibi Lusi. Alizaliwa Ufilipino, akaja huku akiwa muuguzi kijana kwa mkataba wa miaka miwili. Babu, Mpogoro mwenye maneno matamu, akamsahaulisha tarehe ya kuondoka. Kulima mpunga hakufundishwa na mtu, alikuja nako. Alikuja pia na desturi moja: mtu akiondoka wenzake wakiwa wanakula, wanaobaki wazungushe sahani zao ili afike salama. Sasa, sisi tunakula sinia moja. Basi Bibi alizungusha sinia zima, na kitoweo kilichokuwa mbele yako kikaishia kwa mwenzako.

Mchana ule mpunga ulikuwa umeiva. Tulikaa chini ya dungu, kile kibanda kirefu cha miti tunachoamia ndege: Bibi, Mama, Mjomba Beno na mimi. Asubuhi nzima nilirusha matope kwa kombeo bila kumgusa ndege hata mmoja.

"Wamekuzoea," Mjomba akanitania. "Wanakuita shangazi."

Sikumjali. Mbele yangu palikuwa na kichwa cha kambale.

Filimbi ikalia upande wa mto. Ng'ombe walikuwa wameingia kwenye mpunga wa jirani. Ugomvi wa wakulima na wafugaji ulikuwa na wiki kadhaa, lakini ulikuwa wa maneno tu. Mjomba akanawa, akasimama.

Bibi akashika sinia. Mimi nikalikandamiza kwa dole gumba.

"Bibi, kichwa kitakwenda kwa Mama!"

"Mwache, mama," Mjomba akamwambia Bibi akicheka. "Nitarudi kabla hajamaliza kukinyonya."

Akaenda. Sinia halikuzunguka.

Bunduki ililia mara mbili.

Watu wakaanza kukimbia kuja upande wetu. Dungu la tatu kutoka letu lilikuwa linawaka.

Tukalala kwenye maji, katikati ya mpunga. Bibi alikuwa juu yangu, kiganja chake mdomoni mwangu. Niliona miguu. Ncha ya mkuki. Miguu tena.

Kisha kimya.

Redioni vita vile waliviita mgogoro. Mjomba tulimkuta jioni, kando ya jaruba la jirani. Upande wa pili nao walizika kijana wao, na mama yake alilia kama Bibi alivyolia.

Siku za msiba sikula. Sababu sikumwambia mtu, lakini Bibi aliijua. Mchana ule alikuwa ameshika sinia hilohilo nililolikandamiza. Siku ya tatu akaja na sahani, kichwa cha kambale juu yake, akaketi.

"Vita vilipofika kwetu nilikuwa na miaka sita," akasema. "Baba akaondoka tukiwa tunakula. Nilizungusha sahani mpaka mama yangu akanizaba kofi. Baba hakurudi."

"Sasa huwa unazungusha ya nini, Bibi?"

"Mtu akiondoka, mikono inakosa kazi. Kula. Kikipoa sipashi tena, mimi si mpishi wako."

Nikala huku nalia. Na pilipili alikuwa ameizidisha, kama kawaida yake.

Aliyekufa alikuwa mwanawe, lakini aliyepelekewa chakula ni mimi. Miaka yote iliyofuata alinitania kwa uvivu, kwa unene, kwa wachumba waliokata tamaa kwa sababu sitoki nje. Dole gumba lile hakuligusa hata siku moja. Nina mengi ya kumshukuru. Hilo naliweka la kwanza.

Mwaka jana aliugua, akalala chumba cha ndani. Mchana mmoja tulikuwa tunakula, jirani aliyekuwa akimwangalia akatoka na kusimama mlangoni. Akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Mama akashika sinia.

Kichwa cha kambale kilikuwa mbele yangu. Nikakiacha kiende.