Swali la Mchokoa Pweza

Wiki iliyopita tulimzika mama mmoja aliyekuwa akichokoa pweza kwenye miamba ya Ghuba ya Chole na kuwauza sokoni hapa Kilindoni. Wengi walimjua kwa pweza wake. Mimi nilimjua kwa redio. Historia yangu mnaijua, wasomaji wa safu hii, na sioni haya kuirudia: niliondoka Mafia sina hata begi, nikabeba zege Dar es Salaam, nikajisomesha hadi stashahada ya elektroniki, nikarudi kufungua karakana ambayo mpaka leo haina mpinzani. Redio yake ndogo ililetwa kwangu kila ilipoliwa na chumvi.

Siku moja alikuja kuichukua, karakana imejaa watu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaniuliza jambo alilolisikia katika kipindi cha sayansi. "Fundi, wanasema nyota za pembezoni mwa kundi letu la nyota zinazunguka kwa kasi mno, zilipaswa kutawanyika. Kinachozishika ni nini?" Nilikuwa sijui. Lakini watu walikuwa wananitazama. "Vumbi na nyota zilizozimika, mama. Wasomi walishalimaliza hilo zamani." Hakuridhika. "Mimi pweza simwoni. Naona mawe na makombe ya chaza aliyoyarundika mlangoni mwa shimo lake, najua yumo. Labda na huko kuna kitu kimejificha." Nikamwambia huko juu hakuchokolewi kwa kijiti. Karakana nzima ikacheka, naye akacheka kidogo. Kisha akasema kuna mhadhiri anakuja kuzungumza shule ya sekondari, wazazi wamekaribishwa, na alitaka kwenda kumwuliza. Nikamwambia asijiaibishe bure. "Haya, wewe ndiye uliyesoma," akasema, akachukua redio yake.

Hakwenda. Nilikwenda mimi, nikakaa mstari wa mbele. Mhadhiri alieleza kwamba vumbi na nyota zilizokufa hazitoshi kabisa. Kwamba wanasayansi wengi wanaamini ipo maada isiyoonekana, inayotambulika kwa mvuto wake tu, na wengine wanashuku kwamba kanuni zetu za mvuto ndizo zenye kasoro. "Ni kitu gani hasa, hatujui," alisema, wala hakuona aibu. Kutoka shuleni hadi sokoni ni mwendo mfupi. Nikajiambia nitamweleza kesho. Baada ya hapo alileta redio mara mbili, nikaitengeneza, tukazungumza habari za betri. Habari za nyota hakuniuliza tena.

Matangani bintiye alinishukuru. "Mama alikuwa akitwambia lile swali lake fundi alimjibu. Kile kipindi akaacha kukisikiliza. Alisema kama wameshamaliza, kuna haja gani?" Nilitaka kumweleza pale pale, wakaingia wageni wengine, nikanyamaza tena.

Stashahada yangu naionea fahari, nimeitolea jasho. Ila katika kisiwa kama chetu, ambako waliosoma ni wachache, jibu la msomi hufunga mazungumzo, na akikosea hakuna wa kumsahihisha. Nilidhani nalinda heshima yangu, kumbe nilikuwa namnyang'anya mwenzangu kitu alichokipenda. Binti, ukiisoma safu hii, jua kwamba mama yako hakujibiwa. Swali lake bado liko wazi, na wanaolihangaikia wamesoma kuliko mimi kwa mbali. Nilichopaswa kumwambia siku ile ni neno moja tu, sijui, na angeendelea kusikiliza.