Mshona Vitabu na Bwana Maghorofa

Pu. Hivyo ndivyo mlango wa lile gari ulivyofungwa, taratibu, kama mto ulioangukia kitandani. Mshona vitabu alizoea magari ambayo milango yake hubamizwa mara tatu na kuombewa. Siku hiyo aliinua kichwa, sindano ikining'inia kwenye uzi, na sauti ile ikamkaa sikioni.

Aliyeshuka alikuwa Bwana Maghorofa, mgane mwenye majengo matano na tai moja kwa kila jengo. Alileta riwaya kuukuu ya marehemu mama yake, iliyochanika mgongo. Siku ya tatu alirudi kuulizia kitabu. Siku ya nne alirudi kuulizia mshonaji, akamposa.

"Dada, unafikiri nini tena?" alishangaa mdogo wake, ambaye hakuposwa yeye lakini tayari alishachagua nguo ya harusi. "Kwa yule mtu maji ya moto yanatoka ukutani."

"Kwangu yanatoka kwenye sufuria, na hayajawahi kulalamika."

"Magoti yako ndiyo yanalalamika. Ghorofa ya nne kwa ngazi, na paa linavujia kitanda. Kwake utaitwa mama mwenye nyumba."

Hilo lilimwingia. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minne, thelathini kati yake ameimaliza katika chumba cha nyuma cha maktaba, kwenye harufu ya gundi na nta, na hakuna aliyewahi kumwita mwenye chochote. Tena Bwana Maghorofa hakuwa mtu mbaya. Alivua kofia mlangoni na kuuliza kila kifaa kinaitwaje.

"Nitakupa jibu ukimaliza kukisoma kitabu chako," mshona vitabu alimwambia. "Nataka tukizungumzie."

Sasa, kanuni ya kazi ile ni moja: anayeshona hasomi. Kurasa huja kwa mafungu ya kumi na sita, na akili ikizama kwenye hadithi, mkono hupotea njia. Kanuni hiyo aliwafundisha wengine kwa ukali. Lakini riwaya ilimvuta. Binti wa dobi alimwacha fundi saa aliyemchekesha, akaolewa na tajiri mwenye vyumba kumi na viwili, akawa anazunguka chumba hadi chumba akitafuta mtu wa kucheka naye. Mshona vitabu alisoma fungu la nane, la harusi, akaliweka kando ili afute machozi, akashika la tisa, akashona.

Kitabu kilishachukuliwa alipokumbuka kwamba la nane alilishona baada ya la tisa. Alikuwa katikati ya ngazi za kwao, akaketi pale pale. Katika kitabu kile sasa tajiri anazikwa kwa heshima zote, kisha kurasa kumi na sita mbele anavaa suti na kuoa.

Aibu iliyoje. Wiki nzima alijifunza namna ya kuomba radhi, akiisemesha chupa ya gundi. Bwana Maghorofa alipokuja, kitabu mkononi, hakumpa nafasi.

"Nimekimaliza, mama. Mara mbili."

Akameza radhi yake. "Mazishi umeyaonaje?"

"Yamenihuzunisha. Marehemu alikuwa mtu wa maana."

"Na harusi iliyofuata?"

"Ilipendeza. Bwana harusi yule, mtu wa maendeleo, nimempenda."

"Ndiye marehemu."

Bwana Maghorofa alilitazama jalada kana kwamba lingemtetea.

"Kazi nyingi," alisema mwishowe, akijikuna shingo. "Lakini kabatini kinakaa vizuri sana. Kila mgeni anakisifu. Nimekiwekea taa yake."

Aliyasema kwa upendo wa kweli, na hapo ndipo palipomuuma. Mshona vitabu alikipokea, akakipima mkononi. Mgongo ulikuwa bado mgumu, haujalegea kama wa kitabu kilichofunguliwa hata mara moja. Alikilaza mezani, akachukua kisu kidogo, akaanza kukata uzi kwa uangalifu, fundo baada ya fundo.

"Kitabu niachie nikishone upya," alisema, kwa sauti iliyokaribia kuzamishwa na mchakacho wa karatasi. "Na mimi, bwana, niache nilivyo."