Siku Buti Namba Tisa Ilinishtaki

Wacha niwaambie mimi mwenyewe kabla mwingine hajawaambia, maana najua inasimuliwa huko nje na watu wanaongezea chumvi. Ndiyo, ni kweli niliburutwa na mbuzi. Mimi Kyalo, afisa wa usalama wa kiwanda kizima, mtu anayelipwa mshahara ahakikishe hakuna mtu anaumia kazini, niliburutwa na beberu mchana kweupe mbele ya wafanyikazi wote, nikaingia kwa simiti mbichi na mguu mzima, na hiyo wala haikuwa aibu yenyewe. Aibu yenyewe ilikuwa inakuja nyuma, inatembea pole pole.

Kiwanda chetu kiko kando ya barabara ya Namanga, ukitoka Kitengela kidogo, na tunatengeneza mabloki, nguzo za ua na vifuniko vya mitaro. Mwaka huu meneja wetu, Madam Njoki, alirudi kutoka semina mahali fulani akiwa na moto. Akaniita ofisini akaniambia, "Kyalo, nataka kujua ni idara gani inaumiza watu na ni gani haiumizi. Pima, linganisha, weka ubaoni kila mtu aone." Na kwa sababu anajua watu wa Kajiado County, akaongeza zawadi: idara itakayomaliza miezi mitatu na ajali chache kuliko zote itapewa mbuzi.

Nyinyi mnajua vile mbuzi inafanya kwa akili ya mtu. Ungesema cheti, hakuna mtu angeinua kichwa. Kusema mbuzi, hata madereva wakaanza kufunga mishipi.

Basi nikatengeneza ubao. Idara nne: stoo, jikoni, magari, na uwanja, yaani pale nje ambapo simiti inachanganywa na mabloki yanabebwa. Kila idara ikapewa daftari, mtu akiumia anaandikwa, na mwisho wa wiki mimi napita najumlisha. (Meza yangu iko ndani ya stoo, kwa hivyo kwa hesabu ya ubao mimi pia nilikuwa mtu wa stoo. Hii wekeni akilini.)

Msimamizi wa uwanja ni Mzee Koikai, mzee mmoja mtaratibu, mrefu, anaongea kidogo na kalamu iko kwa mfuko wa shati saa zote. Yeye alichukua ile daftari kama vile watu huchukua Biblia. Mtu akikwaruzwa, anaandika. Msumari ukimdunga mtu, anaandika. Kuna siku aliandika kwamba yeye mwenyewe alijigonga goti na ndoo, na alikuwa peke yake, hakuna hata mtu alimwona! Mwezi wa kwanza ubao ukasema uwanja kumi na moja, magari mbili, jikoni sufuri, stoo sufuri. Akaja akasimama mbele ya ubao, akaangalia sana, akaniambia, "Ero, kijana, hapa umepima ng'ombe na kuku kwa kamba moja. Stoo iko na watu wanne wanakaa kwa viti. Mimi niko na watu arobaini wanabeba mawe."

Mimi nikamjibu na ule ujeuri wa mtu ako na kompyuta: "Mzee, nambari hazidanganyi." Mungu wangu. Nikikumbuka hiyo sentensi hata sasa nasikia kujificha.

Sasa sikieni shida ilianza wapi. Ilikuwa Jumamosi, imebaki wiki tatu mbuzi itolewe, kiwanda kimefungwa nusu, na mimi nikaamua kuingia stoo nichukue rangi nyekundu nikaipake ile sufuri yetu iwake vizuri, kwa sababu jua lilikuwa limeanza kuifubaza. Nilikuwa nimevaa malapa. Afisa wa usalama, malapa, ndani ya stoo, peke yake, anavuta kopo la rangi la lita ishirini kutoka rafu ya juu. Likateleza. Likanipata kidole gumba cha mguu wa kulia, na nililia kwa Kikamba, maana uchungu wa kweli hauji na Kiswahili.

Nilipopata pumzi nikaangalia daftari ya stoo pale mezani, safi kabisa, haijaguswa na wino. Na hapo ndipo nilifanya uamuzi mmoja mdogo. Nilijiambia, ni kidole tu. Kidole si mguu. Mbona niharibie watu mbuzi yao kwa sababu ya kidole? (Eti watu. Mimi ndiye nilikuwa nimeshaiona ile mbuzi ikiwa na ugali na kachumbari.)

Jumatatu kidole kilikuwa kimefura, buti yangu ya kulia, namba saba, ikakataa kabisa kuingia. Na nikitembea bila buti nitaulizwa. Kwa hivyo nikafungua boksi moja la buti mpya namba tisa, nikachukua ya kulia nikavaa, halafu ile yangu ya namba saba, ambayo ilikuwa bado inang'aa kwa sababu uwanjani huwa siendi sana, nikaiweka ndani ya boksi mahali pa ile nimetoa. Nikafunga boksi vizuri. Nikarudisha kwa rafu. Nikasema nitarekebisha baadaye.

Baadaye haikufika. Siku chache mbele, mwenye stoo akampa Naisula hilo boksi. Naisula ni dada wa uwanjani, mrefu kuliko wanaume wengi hapa, anasukuma wilbaro iliyojaa kokoto akiimba nyimbo za kanisa. Jioni hiyo akaja kwa meza yangu anachechemea. "Kyalo, hii buti ya kulia inaniua."

Nikaangalia mguu wake, boksi likanijia kichwani. Hapo ningesema, "Dada, nisamehe, lete nikubadilishie." Lakini akina Naisula huwa wanauliza maswali: ilikuwaje, kwa nini, mguu wako una nini? Kwa hivyo nikakohoa nikamwambia kwa sauti ya utaalamu, "Buti mpya hubana. Itapanuka."

Haikupanuka. Siku mbili baadaye alijikwaa na wilbaro, akaanguka, akateguka kiwiko cha mkono, mkono ukafungwa wiki mbili. Mzee Koikai akaandika, kama kawaida yake: jina, saa, mahali. Na hiyo ndiyo ilijaza kikombe. Madam Njoki akaangalia ubao wangu, akaona uwanja iko chini, chini, chini, akasema mbele yangu kwamba mzee amechoka na kazi. Jumatatu baada ya kutoa zawadi atatolewa usimamizi, apelekwe mbali kule mji wa Kajiado akachunge mchanga wa kampuni, pale tuna rundo la mchanga na kibanda cha mabati. Mzee wa miaka hiyo yote, boma yake iko hapa karibu na Isinya, wajukuu wanasoma hapa, aende akae na mchanga. Nikasema, "Sawa Madam." Nilisema hivyo tu. Usiku sikula vizuri, lakini ubao sikuugusa.

Ikafika Ijumaa ya mbuzi. Watu wote wakakusanyika uwanjani saa ya chakula kwa sababu ndipo kuna nafasi, pembeni tu ya vifuniko vya mitaro vilivyomwagwa asubuhi hiyo, vimepangwa chini vikingoja kukauka. Mbuzi ilikuwa imenunuliwa soko ya mifugo Kajiado, beberu jeusi, pembe zimeenda nyuma, na mtu alikuwa ameifunga utepe mwekundu shingoni. Ilikuwa inaniangalia vibaya tangu mwanzo.

Madam Njoki akahutubia, akasema stoo ni mfano wa kuigwa, miezi mitatu bila hata mchubuko. (Jikoni sufuri yao iliharibiwa mwezi wa pili na kisu kimoja walichoandika.) Mzee Koikai alikuwa amesimama kando, mikono nyuma. Alikuwa ameshaambiwa habari ya Kajiado asubuhi, na hakuwa amemwambia mtu. Halafu Madam akaniambia, "Kyalo, shika zawadi yenu, izungushe watu waione."

Nikashika kamba. Na kwa sababu nilitaka nionekane mtu wa mifugo (Mkamba wa Machakos, nimekua na mbuzi mbili na zote zilikuwa za shangazi), nikaizungusha ile kamba kwa mkono mara tatu. Huwa nafundisha watu kila Jumatatu: usizungushe kamba mkononi! Niko na picha yake kwa ukuta!

Watu wakapiga makofi, na beberu likaruka. Mimi na kamba tukafuata. Nilijaribu kukimbia, lakini jaribuni nyinyi kukimbia na buti saba mguu mmoja na tisa mguu mwingine na kidole kimeoza. Nikapita mbele ya Madam nikiwa nimeinama, nikapita mbele ya madereva nikiwa kwa magoti, halafu mguu wa kulia ukaingia moja kwa moja ndani ya kifuniko kibichi mpaka kwa kifundo. Kamba ikakatika. Mimi nikavuta mguu kwa nguvu zote, mguu ukatoka. Buti ikabaki.

Ilibaki imesimama peke yake katikati ya simiti, wima kabisa. Na mguu wangu ukabaki hewani, umefungwa kitambaa cha jikoni cha mke wangu, chenye maua, na kidole kinachungulia, cheusi tititi.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama Mumbua wa jikoni ndiye aliacha kwanza. Akakaribia, akainama, akasema, "Aiya! Kyalo, hiki kidole si cha leo. Hiki kimeshaanza kuangusha kucha."

Naisula naye alikuwa ameenda kwa buti. Akaing'oa na ule mkono mzima, akapangusa simiti kwa soli, akasoma. "Tisa." Akavua yake ya kulia akageuza. "Saba." Akasimama hapo na buti mbili, ananiangalia, kicheko kikaanza kupungua uwanjani. "Kumbe mguu wangu uko na wewe! Na ukaniambia itapanuka?"

Madam Njoki akauliza, "Kyalo, umeumia saa hii ama ni vipi?"

Na ukweli ni kwamba nilikuwa na mlango wa kutokea. Ningesema ndiyo Madam, ni saa hii, ni mbuzi, ni simiti, na kidole kingekuwa cha siku hiyo. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini nikasikia karatasi nyuma yangu. Mzee Koikai alikuwa ametoa daftari yake, amelamba kidole, anatafuta ukurasa.

"Mzee, unafanya nini?" nikamuuliza.

"Naandika. Umeanguka kwa uwanja wangu."

"Lakini Mzee, itahesabiwa kwako."

"Si imetokea hapa?" akasema, wala hakuinua macho. "Jina lako lingine ni nani?"

Jameni. Mtu anatolewa kazi Jumatatu kwa sababu ya ile daftari, na bado anauliza jina langu lingine aandike vizuri. Nikasema kwa sauti ambayo hata sikuijua, "Usiandike kidole, Mzee. Andika kuanguka tu. Kidole ni cha stoo. Ni cha Jumamosi ile nyingine, nilikuwa nimevaa malapa, na sikuandika. Na mkono wa Naisula ni mimi. Buti nilibadilisha mimi."

Nyuma ya lori ile mbuzi ilisikika inakula kitu. Halafu Mama Mumbua, bila kuulizwa, akavuta mkono wa sweta juu. Alikuwa amechomeka na mafuta kutoka hapa mpaka hapa. "Nilikuwa nataka mbuzi pia," akasema. Dereva mmoja akaangalia chini, akasema yeye kuna lango la lori lilimfinya vidole, lakini si sana. Mwingine akasema lake lilikuwa sana kidogo.

Madam akatembea mpaka kwa ubao, akasimama mbele ya sufuri yangu nyekundu. "Kwa hivyo mtu pekee nilitaka kufukuza ndiye pekee amekuwa akiniambia ukweli," akasema. Akaugeuza ubao ukaangalia ukuta.

Mzee Koikai hakuenda Kajiado. Mbuzi alipewa yeye, na yeye akasema ichinjwe tule sote. Mimi nilikaa mbali, kwa aibu, lakini akaniletea kipande cha mbavu kwa mkono wake. "Kula pole pole, ero. Ukijiuma ulimi, nitaandika." Naisula yeye hakuniletea kitu. Buti yake alikuwa ameshachukua mwenyewe, na nikamwomba msamaha mara tatu, na ya tatu ndiyo alisema sawa.

Lakini mchanga wa Kajiado bado ulikuwa unahitaji mtu, na Madam Njoki hana haja ya kutafuta mbali. Nilikaa huko miezi miwili, mimi, kibanda cha mabati, na jua la kule ambalo halina urafiki na mtu. Nimeapa mbele ya mke wangu, ambaye bado anadai kitambaa chake, kwamba maishani sitaficha tena jeraha, langu wala la mtu, hata kukiwekwa ng'ombe ya zawadi.

Na sikungoja kujaribiwa. Siku ya kwanza tu kule mchangani mwiba ulinidunga kisigino. Nikakaa chini, nikachukua daftari, nikaandika jina langu lote, saa, na mahali. Halafu nikafikiria kidogo, nikaongeza kwamba nilikuwa nimevaa malapa.